Vituo vya Kati: Jinsi Safari Ndefu ya Likizo Inavyopangwa Kuanzia Kibosho

Tanzania ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 940,000, na ndani yake mna mlima wenye barafu, kreta, mbuga za nyasi, maziwa makuu na pwani yenye visiwa, kwa hiyo anayepanga likizo ya kupitia sehemu kadhaa hukabiliwa na swali ambalo orodha ya vivutio haiwezi kulijibu: kipi kitangulie, kipi kifuate, na msafiri apumzike wapi katikati. Uchambuzi huu unaeleza jinsi ratiba ya siku 18 inavyojengwa kwa msafiri anayeanzia Kibosho, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, na kuishia Unguja. Hoja yake ni kwamba ubora wa safari ndefu huamuliwa na vituo vya kati, yaani mahali ambapo msafiri hulala, huacha mizigo, huzoea hewa au hungoja wakati unaofaa kabla ya kuendelea, ingawa mahali hapo si mwisho wa safari yake.

Ushahidi wa kwanza wa hoja hii unapatikana katika historia ya mlima wenyewe. Mjerumani Hans Meyer alijaribu kufika kilele cha Kibo mwaka 1887 akaishia penye barafu kwa kukosa vifaa, na mwaka uliofuata mpango wake ulikatizwa na vita vya Abushiri vilivyoikumba pwani. Alipofanikiwa tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, tofauti kubwa ilikuwa katika mpangilio: waliweka kambi kwa hatua kuanzia Marangu, wapagazi wakawa wanapandisha chakula mara kwa mara hadi kwenye kambi ya juu, iliyokuwa kwenye takriban mita 4,300 na ambako Mwini Amani wa Pangani alibaki kuitunza. Tarehe 3 Oktoba wapandaji hao walifika ukingo wa kreta wakiwa wamechoka na wakati umewaishia, lakini kwa kuwa kambi ilikuwa na akiba, walirudi, wakapumzika, wakapanda tena siku tatu baadaye. Jaribio la pili liliwezekana kwa sababu kituo cha kati kilikuwa kimeandaliwa.

Mzunguko wa kaskazini, yaani njia inayounganisha Kilimanjaro, Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, nao ni matokeo ya mpangilio. Kabla ya mwaka 1977 wageni wengi walianzia Nairobi na kuingia Serengeti kwa kupitia Maasai Mara. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971 kati ya Moshi na Arusha, ulitoa mlango mwingine, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, mlango huo ukawa ndio njia kuu. Tangu hapo safari ya kaskazini husomwa kutoka mlimani kwenda magharibi, na Kibosho imejikuta karibu na mwanzo wa mstari huo, ingawa wageni wengi huipita wakielekea kwenye geti la kupandia mlima bila kuitazama.

Mwinuko

Kigezo cha kwanza katika kupanga vituo ni mwinuko. Mji wa Moshi uko chini kidogo ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, vijiji vya Kibosho vimetandaa juu yake hadi kwenye mpaka wa msitu, na Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kadiri mtu anavyopanda, hewa hupungua shinikizo, na mwili usiopewa muda hupatwa na ugonjwa wa mwinuko, ambao dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi, na ambao tiba yake ya uhakika, dalili zinapozidi, ni kushuka. Kanuni inayotumika ni kwamba juu ya mita 3,000 mtu asipandishe mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na kwamba inafaa kupanda juu mchana na kulala chini usiku.

Kibosho ndipo kanuni hii inapojaribiwa kwa ukali zaidi, kwa sababu Njia ya Umbwe, iliyo karibu kuliko zote, inaanzia huko huko kwenye mita 1,600 hivi. Siku ya kwanza mpandaji hulala msituni chini ya mita 3,000, na siku ya pili hulala Barranco, karibu mita 3,960, maana yake amepandisha kitanda chake kwa zaidi ya mita 1,000 kwa usiku mmoja. Njia ya Machame nayo huvuka kanuni siku ya pili, inapomtoa mpandaji kwenye mita 3,000 hivi hadi Shira, penye takriban mita 3,850, lakini baada ya hapo hulipa deni lake: siku ya tatu humpandisha hadi Lava Tower, mita 4,600, kisha humshusha kulala Barranco, na siku ya nne humlaza Karanga, karibu mita 4,000. Kwa usiku tatu mfululizo mwili unalala kwenye kimo kinachokaribiana, na hapo ndipo unapozoea. Ratiba inayochambuliwa hapa kwa hiyo inaacha njia fupi iliyo mlangoni na kuchagua Machame ya siku saba, na neno “pole pole” ambalo waongoza wageni hulirudia njia nzima linapata maana ya kitaalamu.

Siku mbili za mwanzo, kabla ya kuingia getini, hutumika Kibosho. Faida yake kwa mapafu ni ndogo, lakini kwa akili na miguu ni kubwa, kwa kuwa msafiri aliyetoka kwenye ndege hupata kutembea kwenye miteremko akiwa hana haraka. Hapo ataona kihamba, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, ambamo miti mikubwa huikinga migomba, migomba huikinga kahawa, na chini ya kahawa huoteshwa magimbi na majani ya ng'ombe wanaofugwa zizini. Ataona pia mfongo, yaani mfereji unaoyatoa maji kwenye korongo la mto na kuyapitisha ubavuni mwa kilima hadi mashambani. Maji hayo hugawanywa kwa zamu: siku ya mtu ikifika, hufungua kizibo cha udongo na majani ya mgomba, maji yakaingia kwake kwa saa alizopangiwa, kisha hukifunga ili jirani wa chini naye apate. Msafiri aliyeishuhudia zamu hiyo, akala kiburu cha ndizi na maharage kwenye nyumba ya wenyeji, hataupanda mlima kama mtu aliyefika mahali pasipo na watu.

Uchaguzi huu wa kukaa Kibosho una faida nyingine ya vitendo. Wapandaji wa Machame hushukia Njia ya Mweka, na geti lake liko upande wa mashariki wa Kibosho, karibu na Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1963. Mizigo isiyohitajika mlimani huachwa Kibosho, jambo lenye uzito kwa maana halisi, kwani getini mizigo hupimwa kwenye mizani na mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Anayepunguza nguo zisizo na kazi ameupunguzia mgongo wa mtu mzigo, na mpangaji makini huliona hilo kuwa sehemu ya heshima ya safari. Siku ya kilele mpandaji hushuka kutoka mita 5,895 hadi kambi ya Mweka, karibu mita 3,100, na magoti yake huihisi tofauti hiyo. Ndiyo sababu siku ya kumi imeachwa bila kazi yoyote.

Mvua

Kigezo cha pili ni mvua, na hapa ndipo ratiba za kunakili huharibika. Kaskazini na pwani kuna misimu miwili ya mvua, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Novemba na Desemba, wakati kusini na magharibi mwa nchi mvua ni msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba na kuisha Aprili. Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, ilipo Kibosho, hupata mvua nyingi kuliko ule wa kaskazini, na wakati wa masika njia za msituni hugeuka tope.

Hivyo yanabaki madirisha mawili. La kwanza ni mwishoni mwa Januari na Februari: mlima ni mkavu kwa kiasi, nyumbu wanazaa kwenye nyanda za Ndutu, kusini mwa Serengeti, na baharini upepo wa kaskazi unavuma. La pili ni Juni hadi Oktoba: mlima ni mkavu na wa baridi, tembo wamekusanyika kando ya Mto Tarangire kwa sababu maji mengine yamekauka, na kuanzia Julai nyumbu wako kaskazini wakivuka Mto Mara. Mtu anayepeleka ratiba ya Februari kwenye mwezi wa Agosti ataikuta Ndutu imebaki nyasi kavu, na anayefanya kinyume chake atawakuta tembo wengi wa Tarangire wametawanyika nje ya hifadhi. Ratiba hii ni ya Februari, kwa hiyo Tarangire imeondolewa na Ndutu imepewa usiku mbili.

Barabara na saa

Kigezo cha tatu ni barabara pamoja na saa zake. Siku ya 11 msafiri huondoka Kibosho, hupita Arusha, huchepuka Makuyuni na kufika Karatu, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 za lami. Karatu ni kituo cha kati kwa maana kamili: mji wenye mafuta, soko na malazi ya bei nafuu nje ya eneo la hifadhi. Baada ya geti la Loduare barabara kwa sehemu kubwa ni ya changarawe, na ada nazo huanza kuhesabika.

Ada ya kuingia Ngorongoro huhesabiwa kwa saa 24, na hesabu hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Msafiri akiingia getini siku ya 12 saa moja asubuhi, akalala usiku mmoja ukingoni mwa kreta na mbili Ndutu, saa zake 72 zitakwisha saa moja asubuhi ya siku ya 15. Ndege yake ndogo ya kwenda Unguja ikiondoka Ndutu saa nne, atakuwa amepitiliza na ataingia kwenye ada ya siku ya nne. Akiingia saa tano, bado atapata muda wa kuteremka kwenye kreta mchana, ambayo sakafu yake ina kilomita za mraba 260 hivi na iko karibu mita 600 chini ya ukingo, na ataondoka Ndutu ndani ya muda alioulipia. Saa nne za asubuhi zilizotumika Karatu kunywa chai na kununua maji zimeokoa ada ya siku nzima kwa kila mtu aliyemo garini.

Ndege hiyo pia huondoa siku ya kurudi Arusha kwa njia ile ile, ingawa humdai msafiri mzigo mdogo, kwa kawaida kilo 15 katika begi laini. Siku ya 15 hadi ya 18 ni za Unguja, kuanzia Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Bahari huwekwa mwisho kwa sababu ya uchovu, na kwa sababu ya usalama pia: mtu aliyezamia kwa mtungi wa hewa hatakiwi kupanda mwinuko mkubwa wala kuruka kwa ndege mpaka zipite saa 18 hadi 24, hivyo anayezamia huacha siku ya mwisho kuwa ya nchi kavu. Hifadhi za kusini kama Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019, na Ruaha hazikuingizwa, kwa kuwa zina msimu wao na zinastahili safari yao.

Ratiba hiyo ni ghali, lakini kanuni zake si za wenye fedha peke yao. Kila Desemba Wachaga walioko Dar es Salaam na kwingineko hupanda kurudi nyumbani, mabasi hujaa, na Januari husafiri tena kilomita 550 kurudi kazini, Same, Mombo na Korogwe zikiwa kwao vituo vya kununua chakula tu. Kwa vigezo vile vile, barabara hiyo ni mzunguko uliokamilika: karibu na Same kuna geti la Zange la Mkomazi, iliyopata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2008 na ambamo faru weusi wanahifadhiwa, Mombo ndiko inakoanzia njia ya kupanda Lushoto, yenye ubaridi wakati pwani inaungua, na Segera hufungua njia ya Tanga, penye mapango ya Amboni na bahari. Familia inayoshuka kutoka Kibosho Januari haihitaji wakala wala ndege. Ishuke Same, ilale usiku mmoja, iwaonyeshe watoto nchi ambayo wameizoea kupitia dirisha la basi.