Fundi Anayesoma Oili

Ukitaka kumjua fundi mzuri wa trekta, mtazame kabla hajalegeza nati hata moja. Kazi iliyopo ni kubadilisha oili ya haidroliki na kusafisha machujio ya Kubota ndogo inayolima majaruba ya mpunga. Mwenye trekta amekwisha kuipigia hesabu: kufungua, kumwaga, kujaza, kufunga, na mchana trekta lirudi shambani. Fundi anachukua brashi ya waya, anajilaza kwenye gunia chini ya trekta na kuanza kukwangua tope. Anakwangua kuzunguka kila kizibo cha kumwagia, kuzunguka filta, kuzunguka mdomo wa kujazia. Halafu anaosha kwa dizeli, anafuta kwa tambara lisilotoa nyuzi, anapitisha kidole, na pale kidole kinapokwaruza anarudia. Muda mrefu unapita na hakuna kilichofunguliwa.

Mimi huiheshimu sana sehemu hii ya kazi. Katika trekta dogo, oili ya haidroliki kwa kawaida haina tangi lake la pekee. Inakaa ndani ya kasha la gia, na ni hiyo hiyo inayolainisha gia, inayopoza breki zilizofichwa kwenye ekseli ya nyuma, na inayosukumwa na pampu kunyanyua plau au rotaveta. Kinachodondokea kwenye mdomo wa kujazia kitazunguka kote huko. Nafasi kati ya meno ya pampu na ukuta wake, au kati ya valvu na tundu lake, ni sehemu chache tu za elfu ya milimita. Unywele mmoja ni mnene kuliko nafasi hiyo. Punje ya mchanga ikipenya hapo huacha mchubuko kwenye chuma, na kupitia mchubuko huo oili yenye msukumo wa zaidi ya bar 100 huanza kuvuja kwa ndani, mahali ambapo hakuna jicho litakaloiona. Msimu unaofuata mikono ya nyuma inayonyanyua plau inainuka kwa kusuasua, na lawama zote zinaiangukia pampu.

Mikono hiyo ndiyo iliyolipa trekta dogo thamani yake. Zamani plau liliburutwa tu nyuma ya trekta, na likinasa kwenye kisiki, trekta liliweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Harry Ferguson, mhandisi kutoka County Down huko Ireland, aliliunganisha plau na trekta kwa viungo vitatu vinavyoongozwa na haidroliki. Mfumo wake uliingia sokoni na trekta la Ferguson-Brown mwaka 1936, ukafika kwenye Ford 9N mwaka 1939, na leo matrekta karibu yote ya shambani yanaufuata. Uzito wa plau na ukinzani wa udongo vikaanza kuyakandamiza magurudumu ya nyuma yashike ardhi, na trekta jepesi likaweza kufanya kazi iliyokuwa ya trekta zito. Na inayobeba yote hayo ni oili.

Kumwaga nako kuna adabu yake. Trekta huendeshwa kwanza mpaka oili ipate moto, kisha husimamishwa mahali tambarare, mikono ya nyuma hushushwa chini kabisa ili silinda irudishe oili yake, injini huzimwa na ufunguo kutolewa. Kijana anayejifunza kazi huwa na haraka ya kuuliza.

“Mzee, kwa nini tusiiache ipoe, tumwage kesho asubuhi ikiwa imetulia?”

“Ikitulia, kijana wangu, uchafu nao unatulia chini ya kasha. Tunataka utoke pamoja na oili.”

Vizibo viko zaidi ya kimoja, kwa sababu kasha lina vyumba, na fundi asiyelijua trekta hilo hufungua cha katikati na kuziacha lita kadhaa zimelala kwenye ekseli. Anayelijua huvifungua vyote, tena hakai mbali na beseni. Hapo ndipo anaposoma. Oili iliyotumika vizuri hutoka imekolea rangi lakini inapitisha mwanga. Ikinuka kuungua, imefanya kazi ikiwa na joto kupita kiasi. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, ina maji.

Na kwenye mashamba ya mpunga, iwe Mbarali, Lower Moshi au Mwea ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, maji ndiyo adui mkubwa. Wakati wa kuvuruga tope magurudumu yanazama, ekseli inakaa karibu na maji kutwa nzima, na sili iliyochakaa huyapokea. Iko njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii: trekta linatoka kazini likiwa la moto, dereva analipeleka moja kwa moja mferejini kuliosha kwa maji baridi. Kasha linapopoa ghafla, hewa ya ndani hunywea, na ile pumzi inayovutwa kupitia tundu la kupumulia huingia na maji. Fundi akiwa na shaka huchukua tone la oili na kulidondosha juu ya bati lililopashwa moto. Oili kavu hutoa moshi kimya. Yenye maji hulia na kuruka. Kipimo hicho hakihitaji maabara, na kinatosha kuamua kama sili zifunguliwe au la.

Halafu sumaku. Matrekta mengi yana sumaku kwenye kizibo au ndani ya filta, na juu yake hukusanyika unga laini wa kijivu. Huo ni uchakavu wa kawaida wa gia. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni habari nyingine kabisa, na vimeta vya rangi ya shaba, ambavyo sumaku haivikamati, huelekeza kwenye bushi au pampu yenyewe.

Machujio ni mawili katika matrekta mengi, na kila moja lina tabia yake. Chujio la wavu, linalolinda mdomo wa pampu, huoshwa kwa mafuta ya taa au dizeli na brashi laini, kisha hupulizwa kwa hewa kutoka ndani kwenda nje ili uchafu urudi ulikotoka. Likiziba, pampu inavuta isipate, mapovu yanajitokeza ndani ya oili na kupasuka kwa nguvu penye chuma. Ule mlio mwembamba unaosikika asubuhi trekta likiwa baridi mara nyingi hutoka hapo. Filta ya kopo haioshwi. Hutupwa, lakini fundi ninayemsifu hulikata kopo kwanza na kuikunjua karatasi yake juani. Hulikata kwa mkasi wa bati, si kwa msumeno, maana msumeno huacha unga wa chuma utakaomdanganya. Filta mpya hupakwa oili safi kwenye mpira wake na kufungwa kwa mkono kadiri ilivyoandikwa kwenye kopo.

Kujaza kunaonekana rahisi, na ndiko trekta linakouawa. Oili ya injini haina viungo vinavyohitajiwa na breki zinazofanya kazi ndani ya oili. Zitapiga kelele na kuteleza. Fundi hufuata kitabu cha trekta, hujaza mpaka alama, huwasha injini taratibu, huinua na kushusha mikono mara kadhaa hewa itoke, kisha huzima na kupima tena, kwa sababu filta na mabomba vimekwisha kunywa sehemu yao. Uvujaji huutafuta kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa kiganja: oili ya msukumo mkubwa hupenya ngozi kupitia tundu lisiloonekana, na jeraha hilo hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo hata kama haliumi.

Trekta jipya hubadilishiwa filta mara ya kwanza baada ya saa 50 hivi za kazi, maana gia mpya husagana zikizoeana. Baadaye oili hubadilishwa kila saa 400 au karibu na hapo katika modeli nyingi ndogo, na mapema zaidi kwa trekta linaloshinda kwenye maji. Oili chafu hurudi kwenye dumu lenye kifuniko, wala haimwagwi mferejini.

Wewe mwenye trekta, fundi wa namna hii usimhimize. Mlipe nusu siku yake yote, pamoja na muda aliokwangua tope, na kabla hujatoa pesa mwombe akuonyeshe ile filta ya zamani ikiwa imekatwa.