Toyota Haisimami

Sisi tunaoishi Kurasini huyaona magari kabla hayajapata namba. Yanatoka bandari kavu yakiendeshwa na vijana wa mawakala wa forodha, kioo cha mbele bado kina stika ya Kijapani na namba ya chesisi iliyoandikwa kwa maka peni nyeupe. Yanaingia Barabara ya Mandela, yanajipenyeza katikati ya malori yanayokwenda Tunduma na Rusumo, na wazee waliokaa na vikombe vya kahawa wanayataja kwa majina kama watu wanaowafahamu: IST, Noah, IST, Harrier, Crown, Vitz, IST. Likipita la kampuni nyingine, hasa la Ulaya, lazima mmoja aulize, "Hilo nalo fundi wake yuko wapi?" Wenzake wanacheka.

Mwaka 2019 nami nilinunua IST, ya mwaka 2004, namba C, kutoka kwa mtu aliyeitumia miaka sita. Nilikuwa na maswali mengi. Dalali alinijibu yote kwa jibu moja. "Dada yangu, hii ni Toyota. Weka mafuta, badilisha oili. Toyota haisimami."

Nimeisikia kauli hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kuifikiria kuliko tunavyofikiria "habari za asubuhi". Katika makala haya nataka kuihakiki, maneno mawili tu, kama tunavyohakiki shairi au methali. Nani aliisema kwanza? Inaficha nini? Na kwa nini ilikaribia kuniua mimi na mwanangu?

Kampuni hii haikuanzia kwenye magari. Ilianzia kwenye nguo. Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala aliyezaliwa mwaka 1867, alitumia maisha yake kuboresha mashine za kufuma. Tatizo lililomsumbua ni hili: uzi mmoja ukikatika, mashine ya kawaida iliendelea kufuma tu, na kitambaa kikatoka na kasoro mpaka mtu aione. Kwa hiyo kila mashine ilihitaji mtu wa kuikodolea macho. Mwaka 1924 yeye na wenzake walikamilisha mashine iliyoitwa Type G. Uzi ukikatika, ilisimama yenyewe. Mwaka 1929 haki za uvumbuzi huo ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, na mtoto wake, Kiichiro, akageukia magari.

Mwanzo haukuwa mzuri. Lori lao la kwanza, G1 la mwaka 1935, lilijulikana kwa kuharibika. Mwaka 1937 kampuni ya magari ilisajiliwa rasmi, jina likiwa limebadilishwa kutoka Toyoda kuwa Toyota, kwa sababu mojawapo kwamba kwa mwandiko wa Kijapani jina jipya lina mikwaju 8, namba ya bahati. Bahati ilichelewa. Mwaka 1950 kampuni ilikaribia kufilisika, ikapunguza wafanyakazi, wakagoma, Kiichiro akajiuzulu. Kilichoiokoa ni vita ya Korea na oda za malori kutoka kwa jeshi la Marekani.

Baada ya hapo ndipo mhandisi Taiichi Ohno alipoichukua akili ya mashine ya kufuma akaieneza katika kiwanda kizima cha magari. Mfanyakazi akiona kasoro, anaruhusiwa kusimamisha mstari wote wa uzalishaji. Halafu hawaulizi nani kakosea. Wanauliza kwa nini, na wakipata jibu wanauliza tena kwa nini, mara 5, mpaka wafike kwenye mzizi.

Nilipoyasoma haya nilirudia ukurasa mara mbili. Kumbe kampuni tunayoisifu kwa kutosimama ilizaliwa kutokana na mashine ambayo sifa yake kuu ilikuwa kusimama.

Lakini kauli ya dalali si uongo. Corolla ilitoka mwaka 1966, Hiace mwaka 1967, na biashara ilipofunguliwa huku kwetu kuanzia miaka ya 1980, yale yaliyokwisha kutumika Japani yalianza kutufikia. Hiace tukaiita kipanya, tukaijaza watu mara mbili ya viti vyake, ikatupeleka shule. Land Cruiser la wakubwa tukaliita shangingi. IST iliyotoka mwaka 2002 kwa ajili ya vijana wa mijini wa Japani, hapa imekuwa gari la kwanza la mwalimu, la nesi, la mtu aliyechoka kugombea daladala Mbagala Rangi Tatu.

Waulize wenye nayo. Dereva mmoja wa teksi za kuitwa kwa simu, jirani yangu Mivinjeni, ana sababu zake kwenye vidole: inakula mafuta kidogo, spea zake ukizikosa Gerezani huzikosi Kariakoo, na ukitaka kuiuza ukiitangaza asubuhi jioni imeondoka. Fundi wangu anaongeza ya kitaalamu. Injini yake ya lita 1.5 inatumia cheni badala ya mkanda, na injini hiyohiyo imo kwenye Vitz, Spacio na Probox. Kwa hiyo aliyejifunza moja amejifunza zote, na gari moja likifa linayafufua mengine manne. Lawama zipo pia. Iko chini mno kwa barabara zetu za ndani, shokapu zinalia mapema, bati lake ukiliegemea linabonyea, na wenye magari makubwa wanaiita bebi woka. Yote haya ni maoni ya haki. Ila tazama kwamba sifa nyingi hapo si za kiwanda peke yake. Spea kupatikana ni kazi ya wafanyabiashara wa Gerezani. Kulifufua gari kutoka kwa maiti ya jingine ni ufundi wa vijana wa chini ya mwembe. Toyota ilitengeneza gari la kumfaa mteja wake wa Japani, na kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Miaka 10 na zaidi inayofuata, ya mashimo na mafuta ya kupimiwa, imeandikwa na watu wetu, na sifa yote tukaipeleka kwa jina lililo kwenye boneti.

Sasa nirudi kwenye IST yangu. Saa zake zimekaa katikati ya dashibodi, si mbele ya dereva, hivyo abiria anaziona vizuri kuliko mimi. Miezi michache baada ya kuinunua, fundi aliwasha swichi bila kuwasha injini, akatulia.

"Mama, taa ya injini mbona haiwaki? Ukiweka swichi lazima zote ziwake kwanza, zijionyeshe."

Akafungua dashibodi. Nyuma ya ile taa palikuwa na kipande cha utepe mweusi, kimekatwa vizuri kwa mkasi. Alipokitoa na kuwasha gari, taa ya njano iliwaka na haikuzimika. Ilikuwa sensa ya eksozi tu, si ugonjwa wa kuua. Wote pale gereji walicheka. Mmoja akanishauri nikirudishe kile kiutepe, maana gari linatembea, kwa nini nijitafutie presha? Sikukirudisha, lakini wala sikununua sensa. Nikaizoea taa. Mwanangu, aliyekuwa na miaka 7, ndiye aliyeuliza njia nzima: "Mama, hiyo ya njano ni ya nini?" Nikamwambia ni ya kawaida.

Baadaye ikaja nyekundu, ya breki. Ilikuwa inawaka nikiwa kwenye mteremko, nikifika tambarare inazimika. Nayo nikaizoea. Breki si nilibadilisha pedi miezi minne iliyopita? Duka lenyewe sitalitaja. Boksi liliandikwa jenyuini, na bei ilikuwa ya jenyuini.

Jumapili moja tulikuwa tunatoka Kigamboni, tunashuka Daraja la Nyerere kuja upande wetu. Mbele kulikuwa na foleni ya malori yamesimama. Nikakanyaga breki, pedeli ikaenda mpaka chini kama nimekanyaga sponji. Nikakanyaga tena. Nikavuta hendibreki kwa mikono miwili, gari likaserereka, likasimama. Kati ya boneti yangu na bampa la lori palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Mwanangu hakulia. Aliinyooshea kidole ile taa.

Utingo wa lori alishuka akaja kutuangalia. Akapiga paa la gari kwa kiganja, akasema, "Mshukuru Mungu ni Toyota. Ingekuwa gari nyingine mama, leo tungekuwa tunaongea mengine." Jioni gereji, pedi zilitolewa zikiwa chuma kitupu, na bomba moja la breki lilikuwa linavuja. Fundi alinitazama kwa huruma. "Toyota haina kosa hapo. Kosa ni la kwako, hukuitunza."

Usiku ule ndipo niliposikia ile kauli kwa mara ya kwanza, kama ilivyo. Nikipona, ni sifa ya Toyota. Nikifa, ni uzembe wangu. Kauli ambayo haiwezi kushindwa hata siku moja, mhakiki inambidi aitilie shaka.

Nikajaribu maswali ya Ohno. Kwa nini breki zilikufa? Pedi zilikuwa feki na oili ilikuwa inavuja. Kwa nini sikujua? Gari lilinionya, nikapuuza. Kwa nini nilipuuza? Kwa sababu nilifundishwa, kwa utepe na kwa vicheko vya gereji, kwamba taa si kitu mradi gari linatembea. Kwa nini mtaa mzima unaamini hivyo? Hapo jibu linatoka nje ya gereji. Gari la mtumba likisafirishwa, usajili wake wa Japani unafutwa. Magari ya kampuni nyingi, Toyota ikiwamo, yalipoitwa yarudi kwa sababu ya mifuko ya hewa ya Takata iliyoweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, barua zilitumwa kwa wenye magari waliokuwa kwenye orodha. Sisi hatumo kwenye orodha. Jirani zetu Kenya hawaruhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingia. Sisi tunaliruhusu, na tunalitoza ushuru wa uchakavu. Katika mnyororo mzima kutoka Japani hadi Kurasini hakuna anayepaswa kusimama kwa ajili yetu.

Swali la tano nilimpelekea jirani yangu wa teksi. Kwa nini hatusimami? Hakufikiri sana. "Dada, gari si yangu. Niko kwenye mkataba, kila wiki bosi anataka hesabu yake. Nikilaza gari siku mbili gereji, hizo siku mbili nani analipa?" Taa yake ya injini nayo ilikuwa inawaka. Sikuwa na la kumwambia. Kiwandani, anayesimamisha mstari analipwa mshahara wake uleule. Mtaani, anayesimama halipwi.

Na kampuni yenyewe isidhani imepona ugonjwa huu. Februari 2010 Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro… ngoja niseme sawasawa, maana heshima ya ukoo ni muhimu: mjukuu wa Kiichiro, kitukuu wa Sakichi, alisimama mbele ya wabunge wa Marekani kuomba radhi kwa magari yaliyokuwa yakiongeza mwendo bila dereva kutaka. Mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa sababu iliwapotosha wateja kuhusu jambo hilo. Desemba 2023 Daihatsu, kampuni yake tanzu inayotengeneza Passo tunazoziona hapa kila siku, ilisimamisha usafirishaji wa magari yake yote baada ya kubainika kwamba majaribio ya usalama yalichakachuliwa kwa miaka mingi. Wao nao walikuwa na utepe wao mweusi.

Bado naliheshimu gari lile. Lilinionya kila siku kwa wiki kadhaa, kama mashine ya mzee Sakichi. Sisi ndio tuliotaka liwe kitu kingine.

Mwaka jana nililiuza. Nilikuwa nimenunua sensa, pedi na bomba jipya. Mnunuzi alikuwa kijana anayetaka kufanya teksi, na dalali alikuwa yuleyule. Kijana akauliza lina shida gani. Dalali akawahi, "Hii ni Toyota, kaka, haisi…" Nikamkatiza. Nikamwambia kijana kwamba shokapu ya mbele kulia inavuja, na usukani unagonga kwenye matuta. Nikamsimulia na habari ya breki. Akapunguza laki sita palepale. Dalali hakunisemesha tena.

Kisha nikamwambia kijana aweke swichi bila kuwasha injini. Taa zote zikawaka, nyekundu na za njano. Akawasha gari. Zikazimika moja baada ya nyingine, ile ya injini ikawa ya mwisho. Tulikuwa tumeinama wote watatu kwenye dashibodi, tunaingoja.