Mvua Iliyopimwa

Fundi wa springla aliyeiva utamjua kwa kitu cha kwanza anachokiomba akifika kiwanjani. Haombi sururu, anaomba ndoo ya lita 20. Anafungua bomba la nje hadi mwisho, anatazama saa ya simu, anasubiri. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, ameshajua kwamba nyumba hii ina lita 30 kwa dakika. Mwenye nyumba wakati huo ana haraka ya kumwonyesha anapotaka ukoka, anapotaka maua, na watoto watakapochezea. Fundi anamsikiliza kwa adabu, lakini moyoni ameshaanza kugawa.

Kugawa ndiko ufundi wenyewe, na ndiko ninakotaka kukusifu. Kufukia mabomba ataweza yeyote mwenye nguvu na chepe. Kuhakikisha kwamba kila hatua ya kiwanja, ya katikati na ya pembeni, inapata maji sawasawa, hiyo ni kazi ya kukaa chini na kalamu.

Kichwa cha springla cha duara zima kinachorusha maji mita nne na nusu hutumia kama lita 14 kwa dakika. Cha nusu duara, kinachokaa kando ya uzio, hutumia 7, na cha robo, cha kwenye kona, 3 na nusu. Nozeli za vichwa hivyo zimechongwa hivyo kwa makusudi: anayehudumia robo ya eneo apewe robo ya maji. Kwa springla kubwa zinazozunguka taratibu kwa gia, uwiano huo fundi anautafuta mwenyewe. Kichwa kilichopangiwa nusu duara hupita juu ya nyasi zake mara mbili wakati mwenzake wa duara zima anapita mara moja, kwa hiyo kisipowekewa nozeli ndogo zaidi, upande wake utakuwa tope na upande wa pili utabaki na kiu. Nimeona viwanja vya pesa nyingi vyenye mabaka ya manjano kwa sababu hii tu, na mwenye kiwanja analaumu mbolea.

Katika lita 30 fundi mwenye busara hazipangi zote. Anaacha kama robo kwa ajili ya jiko na bafu, na zinazobaki zinatosha vichwa vitatu vya nusu duara kwa wakati mmoja. Kiwanja kinahitaji ishirini? Basi ni zamu. Wazee wa Upare waliyajua haya kabla ya mabomba: maji ya kijito yalikusanywa usiku kucha kwenye bwawa dogo liitwalo ndiva, asubuhi yakafunguliwa kwenye mifereji, na kila shamba likangoja zamu yake. Taima inayobandikwa leo ukutani mwa gereji inaifanya kazi hiyo hiyo ya kusimamia zamu.

Kuna swali la presha, ambalo huleta ugomvi mwingi Dar es Salaam. Watu wengi wana tangi juu ya mnara wa mita sita na wanaamini linatosha. Kwa kuoga linatosha. Springla ya kawaida inataka maji yawe kama yameshuka kutoka mita 20 juu, yaani usawa wa ghorofa sita hivi. Hakuna wa kujenga mnara huo kwa ajili ya nyasi, kwa hiyo pampu inahitajika, na ni heri fundi aseme hivyo mapema hata akikosa kazi.

Vichwa navyo havipangwi kwa kukisia. Maji ya kila kimoja yafike hadi miguuni pa jirani yake. Wateja hulalamika: mbona karibu karibu hivi? Ni kwa sababu kichwa kimoja peke yake hakinyeshi sawa kuanzia kilipo hadi mwisho wa mrusho wake, na mapengo anayoyaacha huyu hujazwa na mwenzake wa ng'ambo. Ukitanua nafasi ili kuokoa vichwa vinne, utavilipia kila mwezi kwa maji ya ziada, ukijaribu kuokoa mabaka yaliyokauka.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni vali ya umeme. Inatosha kiganjani. Ukifungua skrubu zake unakuta kiwambo cha mpira, springi, na juu yake koili ndogo. Umeme unaotoka kwenye taima ni wa volti 24 tu, na hauna ubavu wa kushindana na maji ya bomba la inchi moja. Wala haushindani nayo. Maji hupenya kwenye kitundu chembamba na kujaa juu ya kiwambo, na kwa kuwa yanakandamiza eneo kubwa zaidi huko juu kuliko chini, hukibana kikafunga njia. Umeme ukija, koili inavuta pini moja. Maji ya juu yanapata upenyo wa kutokea, mgandamizo unalegea, na maji ya chini yanakiinua kiwambo. Maji yamejifungulia yenyewe. Umeme ukikatwa, juu kunajaa tena taratibu, na njia inafungwa bila kishindo cha kuyatikisa mabomba.

Akili ya namna hiyo ndiyo aliyokuwa nayo Orton Englehart kule Glendora, California, mwaka 1933, alipobuni springla inayogeuzwa na maji yake: maji yanapiga mkono wa chuma, springi inaurudisha, mkono unagonga, na kichwa kinasogea kidogo. Hataza yake ni ya mwaka 1935, na ule mlio wake wa tik-tik bado unasikika mashambani.

Lakini chembe moja ya mchanga ikiziba kile kitundu cha vali, juu hakujai tena na vali haifungi. Ndiyo maana napenda kumtazama fundi siku anapoosha mabomba. Gundi imekauka, vichwa vimeungwa lakini nozeli bado zimo mfukoni. Anafungua. Kwanza inatoka hewa, kisha maji mekundu yenye udongo, kisha vijisokoto vyeupe vya PVC vilivyoachwa na msumeno. Kijana wake anataka kufunga. Anamwambia, "Bado, mwanangu." Wanasubiri mpaka maji yawe meupe kabisa, na baada ya hapo anasubiri tena. Ndipo nozeli zinaingia, na kila kichwa kinakalishwa usawa wa ardhi, maana kilichojitokeza hata vidole viwili kitakatwa na fyekeo wiki ijayo.

Hukumu ya kazi hutolewa na makopo. Makopo ya nyanya yaliyo sawa yanatawanywa nyasini, springla zinafunguliwa robo saa, halafu kila kopo linapimwa kwa rula. Kwa vichwa nilivyovitaja tunatarajia milimita 10 hivi, na kila milimita ni lita moja kwa mita ya mraba. Kopo la kona likiwa na 4 na la katikati 14, fundi wa kweli anarudi kwenye mchoro.

Najua lipo neno la kusemwa juu ya kumwagilia nyasi katika miji ambayo watu hupanga foleni ya ndoo. Nalikubali, na ndiyo sababu kubwa ya kuusifu ufundi huu. Mpira ulioachwa ukitiririka mchana kutwa haujui kipimo. Mtambo uliopangwa vizuri unanyesha alfajiri, upepo wa bahari ukiwa umelala. Kwenye mchanga wa pwani hutoa kidogo kidogo mara nyingi. Kwenye udongo mweusi wa Nairobi, usiomeza maji haraka, robo saa hugawanywa mara tatu kwa mapumziko. Na masika ikianza, kihisi cha mvua kinauzima chenyewe.

Wateja wetu hulipia mitaro na mabomba, kisha hushangaa wakidaiwa siku ya kuchora. Ilipeni siku hiyo. Daini nanyi nakala ya mchoro, yenye vipimo vya kila vali kutoka kwenye kona mbili za nyumba, na mwibandike ndani ya mlango wa kisanduku cha taima, ili fundi atakayekuja miaka kumi baadaye achimbe shimo moja tu.