Siri Isiyo na Mwenyewe: Kinjeketile, Bonde la Kilombero na Mazoea ya Kutafuta Njama

Utangulizi

Swali la Kinjeketile likija kwenye mtihani, majibu yetu hufanana kama maharage ya gunia moja. Tunaandika: alikuwapo kiongozi, akaleta maji, maji yakaleta umoja, umoja ukaleta vita, bunduki ikashinda. Kisha tunamalizia kwa "dhamira ya ukombozi" na kukabidhi karatasi. Alama zinapatikana, sikatai. Lakini hebu tujiulize: tumehakiki tamthilia, au tumesimulia hadithi tuliyokuja nayo vichwani mwetu kabla ya kufungua kitabu?

Makala haya yanadai kwamba wengi wetu tunaisoma tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), kana kwamba ni hadithi ya chama cha siri. Tunamtafuta bwana mkubwa mmoja, kiapo kimoja, mpango mmoja, na wasaliti wa kulaumiwa. Tamthilia yenyewe haikujengwa hivyo. Na ukiisoma ukiwa mtu wa Kibaoni, hapa Ifakara, ambako vita vya Maji Maji vilifika na kugawa watu, unaona kwamba historia ya bonde letu iko upande wa tamthilia kuliko upande wa wasomaji wake.

Chama cha siri katika fasihi

Hadithi ya chama cha siri ina kanuni zake, na msomaji wa riwaya anazijua hata kama hajafundishwa. Kuna duara dogo la watu wanaojuana. Kuna namna ya kuingia: kiapo, ishara au neno la kutambuana. Kuna kitovu ambako amri zinatoka. Na yupo, au anahofiwa kuwapo, mtu wa kuvujisha. Raha ya msomaji inatokana na kuingizwa ndani ya duara wakati watu wengine wako nje.

Katika fasihi yetu mfano mzuri ni Vuta n'Kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi. Unguja ya miaka ya ukoloni iko pale na mitaa yake, na ndani yake Denge na wenzake wanaendesha siasa kwa kujificha, wakiwindwa na polisi. Shafi anaitumia siri kama nyenzo ya kazi: watu wanajificha kwa sababu serikali imewaziba midomo. Riwaya hiyo inafaa kusomwa kwa kanuni za chama cha siri kwa kuwa mwandishi ndivyo alivyoijenga.

Shida inaanza pale kanuni hizo zinapotoka kwenye riwaya zikaingia kwenye historia. Tutoke kidogo nyumbani tuone mfano wa wenzetu. Winchester, kusini mwa Uingereza, ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa Wessex na makao makubwa ya wafalme wa Uingereza kabla Westminster na London hazijaushika usukani. Katika ukumbi wa ngome yake imetundikwa ukutani meza kubwa ya duara ya mbao, upana wake kiasi cha mita 5.5. Kwa karne nyingi watu waliambiwa kwamba ndiyo meza ya Mfalme Arthur na udugu wake wa mashujaa walioapizana. Thomas Malory, katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1485, aliuweka mji wa Arthur palepale Winchester. Wataalamu walipoipima miaka ya 1970, mbao zilionekana kuwa za karne ya 13, mamia ya miaka baada ya wakati anaosemwa Arthur. Rangi na majina ya mashujaa tunayoyaona leo viliwekwa zama za Henry VIII, mfalme aliyependa kuonekana mrithi wa Arthur.

Tazama mambo yalivyokwenda. Kwanza ilikuwapo hadithi ya udugu, halafu ikachongwa meza ya kuifanya ionekane kweli, na mwisho akaja mwenye madaraka akaipaka rangi kwa manufaa yake. Meza ipo, unaigusa kwa mkono. Udugu ndio haukuwahi kuketi pale. Kwa hiyo mhakiki anapokutana na chama cha siri ndani ya historia, swali lake la kwanza liwe: nani alihitaji chama hicho kiwepo?

Njama ya Götzen

Kwetu aliyeihitaji wa kwanza alikuwa gavana wa Wajerumani, Gustav Adolf von Götzen. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1909 kuhusu vita vile alitilia mkazo kazi ya waganga na machifu, kana kwamba vita vilipikwa na watu wachache kwenye chungu kilichofunikwa. Maelezo hayo yalimfaa sana. Kama ni njama ya waganga, basi kodi haina kosa. Mashamba ya pamba ambayo watu walilimishwa kwa nguvu kule pwani ya kusini hayana kosa. Viboko havina kosa. Mkosaji ni mganga na chupa yake.

Baada ya uhuru, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee. Gilbert Gwassa akatuletea neno la Kimatumbi, njwiywila, yaani habari iliyopita kwa kunong'onezana, mtu kwa mtu. Neno hilo ni hazina. Lakini tazama sisi wanafunzi tulivyolitumia: tukalichukua tukalirudisha kwenye chungu kilekile cha Götzen, ila tukabadilisha jina. Alichokiita njama, sisi tunakiita umoja wa kitaifa. Yeye alimlaani bwana mkubwa, sisi tunamsifu. Umbo la hadithi limebaki lilelile. Sasa hapo tumemjibu mkoloni, au tumemnakili tu kwa wino mwingine?

Tamthilia inasema nini

Turudi kwenye kitabu. Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani ameumbwa na msanii, si nakala ya mtu wa Ngarambe. Tahadhari hiyo tunairuka, wakati ndiyo mlango wa kuingilia.

Angalia tamthilia inavyoanza. Wanaoanza kuzungumza ni wanawake, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, na mazungumzo yao ni ya njaa na ya wanaume wanaokutana na kunong'ona. Yaani mtazamaji anaingizwa akiwa nje ya siri, upande wa jikoni. Mwandishi wa hadithi ya chama cha siri angekukalisha ndani ya duara tangu mwanzo. Hussein anakukalisha na wale ambao siri inawapunguzia chakula.

Halafu mwangalie Kinjeketile. Bwana mkubwa wa chama cha siri anajua kila kitu. Huyu wa Hussein hajui hata maneno yaliyotoka kinywani mwake yalitoka kwa nani. Alipopandisha alisema kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, na akili ilipomrudia neno lilelile likamtisha: tunamtoa Mjerumani ili tuingie chini ya Mwarabu? Anataka watu wangoje. Watu hawangoji. Neno limekwisha zaliwa, limekua, limemzidi baba yake. Msiba wa tamthilia uko hapo, na hauna msaliti wa kuubeba.

Hata mwisho ni hivyohivyo. Kifungoni, Kinjeketile anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Tunaandika "ushujaa" na kugeuza ukurasa. Lakini sababu yake si kulinda siri, maana siri imekwisha. Anafikiria watoto watakaokuja: akikana, watafundishwa kwamba babu zao walikosea kupigana. Mtu amegundua kwamba neno si lake tena, hivyo hana haki ya kulifuta. Kwa maoni yangu hii ndiyo fikra nzito kuliko zote katika kitabu, na ndiyo tunayoikosa tukimsaka kamanda wa njama.

Bonde linasema nini

Sasa tuipime fikra hiyo kwa historia. Kinjeketile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vilikuwa vimeanza siku chache tu kabla, mwishoni mwa Julai, kwenye vilima vya Umatumbi. Katikati ya Agosti kikosi kidogo cha serikali hapa Ifakara kilivamiwa na kuangamizwa. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga wakaishambulia boma ya Mahenge, wakakutana na bombomu, watu wakaanguka kwa mamia. Hesabu wewe mwenyewe: vita vilipofika kwetu, "bwana mkubwa" alikuwa amekwisha zikwa. Chama cha siri kikikatwa kichwa hufa au hujificha. Hiki kilizidi kuenea. Kumbe hakikuwa chama kwa maana ile. Lilikuwa neno, na neno halinyongwi.

Na neno lilipoingia bondeni halikukuta watu walewale wa Umatumbi. Jamie Monson, mwanahistoria aliyeandika juu ya biashara ya mpira wa porini katika bonde la Kilombero na juu ya siasa za nyanda za juu kusini, alionyesha mwaka 1998 kwamba huku maji yalipokelewa kwa kufuata urafiki na uadui uliokuwapo tangu kabla ya Wajerumani. Wambunga walikuwa na hesabu zao. Wapogoro walikuwa na zao. Wabena wa bondeni chini ya Kiwanga walikuwa wameshikamana na Wajerumani tangu enzi za vita dhidi ya Mkwawa, na mwaka 1905 wakabaki huko. Hata John Iliffe, ambaye makala yake ya mwaka 1967 hutajwa sana na wanaotaka kuona mpangilio katika Maji Maji, alieleza kwamba vita vilivyozidi kuenea mbali na chimbuko lake, ndivyo mpangilio wa kikabila ulivyorudi.

Hapo ndipo namna yetu ya kusoma inapoumiza watu hai. Hadithi ya chama cha siri lazima iwe na msaliti. Ukifundisha Maji Maji kama njama moja ya taifa moja, basi Mbena wa bondeni anakuwa kibaraka moja kwa moja, bila kusikilizwa. Katika darasa moja la Kibaoni wamo watoto wa Kipogoro, Kimbunga, Kindamba na Kibena, wanakaa dawati moja. Mmoja wao ataambiwa babu yake alikuwa shujaa, mwenzake ataambiwa babu yake aliuza nchi. Nchi ipi, bwana? Tanganyika haikuwapo mwaka 1905. Lilikuwapo bonde lenye majirani wanaoogopana, na mkoloni aliyejua kuitumia hofu hiyo. Simtetei Kiwanga. Ninasema tu kwamba kabla ya kumhukumu mtu kwa kuvunja kiapo, tuhakikishe kwamba aliwahi kukila.

Hoja ya upande wa pili

Msomaji anaweza kunipinga: mbona Hussein mwenyewe anaonyesha maji yakiwaunganisha watu waliokuwa wakitiliana shaka? Ni kweli, anaonyesha. Jukwaani watu wa makabila mbalimbali wanabishana kabla ya maji, na baada ya maji wanasimama pamoja. Tena ikumbukwe tamthilia ilitoka miaka 8 tu baada ya uhuru, wakati umoja ulikuwa chakula cha kila siku. Lakini msanii hakuishia hapo. Umoja aliouonyesha umesimama juu ya neno ambalo msemaji wake analitilia shaka. Ameujenga umoja na papo hapo akatuonyesha ufa uliomo. Tukinakili umoja tukaacha ufa, tumechukua nusu ya kazi yake.

Hata hivyo tamthilia nayo ina pengo, na mhakiki asione haya kulitaja. Haina nafasi kwa wale waliokataa maji kwa sababu zao wenyewe, zisizo woga wala rushwa. Jukwaa la Hussein linaishia upande wa Rufiji. Mtu wa bonde la Kilombero akilitazama anajiona nusu tu. Pengo hilo ni mwaliko kwa waandishi wetu. Bado tunaingoja tamthilia ya Kiswahili itakayomweka Mmbunga na Mbena jukwaani usiku mmoja, kila mmoja na sababu yake, bila kutuamulia mapema nani msaliti.

Hitimisho

Tumeona kwamba hadithi ya chama cha siri ni aina halali ya fasihi, na Vuta n'Kuvute ni ushahidi. Tumeona pia kwamba ikivishwa juu ya historia, hutumikia aliyeivisha: Henry VIII na meza yake, Götzen na waganga wake, na sisi wenyewe na umoja wetu wa kwenye karatasi ya mtihani. Serikali ya Wajerumani ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wanataja 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata. Watu wengi kiasi hicho hawakufa kwa ajili ya siri ya watu wachache.

Basi wenzangu, swali likija tena, tuanze na wale wanawake wawili wanaozungumzia njaa, tufuate neno linavyomponyoka mwenyewe, na tukifika Ifakara na Mahenge tuulize kila jirani alilipokeaje. Na walimu wetu nao watusaidie kwa kuuliza maswali ambayo hayana jibu la gunia moja.