Dawa ya Moyo: Uhakiki wa Neno na wa Miti

Wakusanyao habari za miti katika milima ya Uluguru, na katika vijiji vilivyo chini yake upande wa magharibi, kama Mlali kwenye njia ya kwenda Mgeta, huandika mara nyingi maneno haya matatu: "dawa ya moyo." Mti hutajwa, na sehemu yake, mzizi au gome au jani, kisha hufuata maneno hayo, na habari imekwisha. Twapenda kuonyesha hapa ya kuwa habari iishiayo hapo haijaanza bado, na ya kuwa kasoro yake haitoki kwa wazee walioulizwa. Yatoka kwetu sisi tushikao kalamu.

Tuanze na neno lenyewe. Mtu wa pwani akisema "moyo wanichafuka," hana shauri na kiungo kipigacho kifuani; ataka kutapika. Akishika chembe cha moyo, aonyesha mahali palipo chini ya mfupa wa kifua, na maumivu yake huenda yakawa ya kiungulia. Akisema "sina moyo," amekata tamaa. Mwenye kiherehere cha moyo huenda ana hofu ya baraza kesho, au huenda ni mgonjwa kweli. Basi "dawa ya moyo" yaweza kuwa dawa ya kichefuchefu, au ya kiungulia, au ya huzuni, au ya woga, au ya mapigo yaliyopotoka. Hizo ni habari tano, na mwandishi ameziandika kuwa moja. Tena mzee wa Mlali afikiriye kwa Kiluguru huulizwa kwa Kiswahili, naye hujibu kwa neno la Kiswahili lililo karibu na wazo lake. Halafu mwandishi hulipeleka neno hilo katika Kiingereza. Wazo limevuka mito miwili, na hakuna aliyetazama kama limefika zima.

Siku hizi limeongezeka neno "presha." Moyo ukipiga kwa nguvu, watu husema presha imepanda. Lakini presha ni msukumo wa damu ndani ya mishipa, na mapigo ni hesabu na mwendo wa moyo. Mtu aweza kuwa na presha kubwa miaka mingi asisikie lolote; mwingine moyo humwenda mbio, na akipimwa presha yake huonekana sawa. Asiyetenganisha mambo haya mawili atawapa watu wawili wenye maradhi mbalimbali kikombe kimoja.

Je, vitabu vyetu vyatusaidia? Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ni nguzo ya kazi yetu, na hatusemi neno la kuipunguza heshima. Lakini kwa habari ya miti mara nyingi hutuambia tu ya kuwa jina fulani ni namna ya mti. Padre Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka mwaka huo huo, alikwenda mbele zaidi. Alikaa Zanzibar na Bagamoyo, akakusanya mimea kwa mikono yake, na majina mengi ya miti katika kamusi yake yamefuatana na jina la Kilatini. Twamsifu kwa hilo, kwa sababu jina la kienyeji peke yake halitoshi. Jina moja huitwa miti miwili katika mabonde mawili, na mti mmoja huwa na majina manne. Baadaye, mwaka 1976, Bwana J. O. Kokwaro alitoa kitabu chake juu ya miti ya dawa ya Afrika ya Mashariki, nacho ni hazina kwa majina ya kienyeji na kwa sehemu zitumikazo. Ila kitabu chenye miti mingi namna hiyo hakina budi kufupisha. Na ufupisho huo, ambao kwa mtaalamu ni mlango wa kuingilia, kwa msomaji wa haraka hugeuka kuwa cheti cha dawa. Kosa si la kitabu. Ni la kukitumia kwa kazi ambayo hakikuandikwa kwayo.

Tutazame sasa mimea yenyewe. Choya, ambayo wengine huiita rosela, imejaribiwa na wataalamu wa nchi nyingi, na imeonekana kushusha presha kidogo. Ni habari njema. Lakini ni habari ya presha, haihusu mapigo yaliyopotoka. Tena atumiaye vidonge vya kushusha presha, akinywa choya kwa wingi, huenda akashuka kupita kiasi. Kitunguu saumu nacho ni chakula chema, lakini hupunguza kuganda kwa damu, na kwa mtu aliyepewa vidonge vya kuzuia damu isigande, kukitumia kwa wingi kwaweza kuleta hatari ya kutoka damu. Msesewe, ambao Wachaga hutia gome lake katika mbege ili iwe chungu, ni wa jamii moja na mti wa Bara Hindi ambao mwaka 1931 Salimuzzaman Siddiqui alitoa ndani yake ajmalini, dawa inayogusa mwendo wa moyo hasa. Lakini jamii si mtu: hatuwezi kumpa ndugu wa pili sifa za wa kwanza pasipo kumpima.

Wako wasemao ya kuwa hayo yote ni mambo ya ushirikina, wala hapana mti uwezao kuutuliza moyo. Hao wajibiwe kwa habari za nchi hizi hizi. Daktari John Kirk alisafiri pamoja na Livingstone katika nchi za Zambezi na Nyasa tangu mwaka 1858. Huko aliona sumu ya mishale iitwayo kombe, itokayo katika mbegu za mmea utambaao, strofantho. Yasemwa ya kuwa mswaki wake uligusana na sumu hiyo mkobani, naye alipoutumia alionja uchungu, akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Mbegu zilifika Edinburgh, Profesa Fraser akazichunguza, na mwaka 1885 akawaeleza madaktari wenzake matumizi yake katika ugonjwa wa moyo. Kirk mwenyewe alikuwa wakati mrefu Balozi wa Uingereza katika Zanzibar. Basi ujuzi wa wawindaji wa Afrika uliingia katika maduka ya dawa ya Ulaya.

Wako na wasemao kinyume, ya kuwa dawa ya asili haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Habari ile ile yawajibu. Kombe ilikuwa sumu kabla ya kuwa dawa, na nguvu yake ni moja katika kazi zote mbili. Tofauti ni kipimo tu. Msunguti, ambao Wakamba na Wagiriama waliuchemsha kupata sumu ya mishale, huua mnyama kwa kuusimamisha moyo wake. Huko Uingereza mwaka 1785 Daktari Withering aliandika juu ya digitali, aliyoipata katika dawa ya mwanamke mzee iliyochanganywa majani yapata 20. Alitambua ni jani lipi lifanyalo kazi, akalijaribu miaka 10, na sehemu kubwa ya maonyo yake ni juu ya kipimo: mgonjwa akianza kutapika na mapigo kupungua mno, dawa ikomeshwe. Hata leo digoksini hutolewa kwa uangalifu mkubwa, maana kati ya kiasi kiponyacho na kiasi kiuacho pana nafasi nyembamba. Gome la mti halina kipimo kilichoandikwa juu yake; la mvua si la kiangazi, na la mti mzee si la mti mchanga.

Kwa hiyo twawaomba walimu na mapadre wakusanyao habari hizi waulize mambo sita. Mgonjwa alisikia nini, kwa maneno yake mwenyewe, katika lugha yake ya mama? Mahali gani mwilini, akionyesha kwa kidole? Mti ni upi, na tawi lake lenye ua au tunda limekaushwa na kutunzwa ili mtaalamu alitambue? Sehemu gani, imevunwa lini, imepikwaje, kiasi gani? Imechanganywa na nini? Na mwisho, swali lisahauliwalo: ni nani aliyeinywa asipone, au akadhurika? Habari zilizoandikwa hivyo zafaa kupelekwa kwa wachunguzi wa Muhimbili, ambako kazi ya tiba za asili ilianzishwa mwaka 1974. Kadhalika tangu sheria ya mwaka 2002 waganga wa tiba asili wana baraza lao na daftari lao. Mwenye kazi safi hana sababu ya kujificha.

Jambo hili si la kamusi tu. Moyo uendao mbio waweza kuwa ishara ya homa, au ya safura, au ya tezi ya shingo. Na mtoto wa shule aliyeachwa na maumivu ya koo pasipo matibabu aweza kupata homa iharibuyo milango ya moyo. Mapigo yasiyofuatana huweza kugandisha damu ndani ya moyo, na donge likipanda kichwani huleta kiharusi. Mwalimu mwenye saa aweza kuweka vidole juu ya kifundo cha mkono na kuhesabu kwa dakika moja: mtu mzima aliyepumzika hupata kwa kawaida kati ya 60 na 100. Akiona mapigo yaruka-ruka, au mtu amezimia, au aumwa kifua, au aishiwa pumzi, au mdomo umekwenda upande, asimwandikie jina la mti. Ampeleke hospitali siku ile ile, na akamwambie mganga wa hospitali kila kitu mgonjwa alichokunywa, pasipo kuona haya.

Neno "moyo" ni pana, na upana wake ni utajiri wa Kiswahili. Katika mahubiri na katika mashairi lina nafasi yake yote. Katika daftari la dawa yatupasa kulipa mipaka, kwa kuwa huko neno lisilopimwa hunywewa na mtu.