Majani yanakula fosforasi, sawa. Samadi je?

Utakuwa umeshalisikia wazo hili: shamba likizidiwa na fosforasi, panda majani ya malisho, yakate, yabebe nje, mwaka hadi mwaka, mpaka kiwango kishuke. Si la kubuni. Uholanzi wamelijaribu kwenye mashamba yaliyojazwa samadi kwa miongo mingi: wanaweka nitrojeni na potasiamu ili majani yasidumae, fosforasi hawaweki, kisha wanafyeka na kuondoa. Hata hivyo huchukua miaka mingi.

Shida yangu ni pale linapobebwa zima zima hadi Rungwe.

Anza na udongo. Tukuyu tunalima kwenye majivu ya volkano, na udongo huu una alumini na chuma vinavyoinasa fosforasi kama ulimbo unavyonasa ndege. Maabara inaweza kukuonyesha jumla kubwa wakati mmea una njaa. Kwa hiyo ukisoma "nyingi" kwenye majibu, uliza: nyingi kwa jumla, au nyingi ambayo mzizi unaifikia? Ziada ya kweli mimi ningeitafuta kwenye migomba iliyo jirani na banda, inayomwagiwa samadi kila mara, na kwenye viazi vya huko juu, Isongole na Ndaga, kwa wale wanaopandia DAP kila msimu.

Sasa hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una fosforasi kama kilo 10. Mabingobingo hubeba kilo 2 hadi 3 kwa tani ya majani makavu, maana yake kufuta mfuko mmoja unavuna tani 20 hivi za majani mabichi. Kwa mvua zetu inawezekana kabisa. Lakini majani hayo yanaenda wapi? Kwa ng'ombe wa ndani, hatua chache tu kutoka migombani! Lita moja ya maziwa hutoka na gramu 1 hivi, na sehemu kubwa ya iliyobaki inarudi kwenye kinyesi. Ili kilo 10 ziondoke kwa njia ya maziwa, uuze lita 10,000. Samadi, yenyewe, inarudi kulekule.

Yaani hatujaondoa kitu, tumehamisha. Tena vibaya, kwa sababu majani mengi hukatwa kwenye kingo za makinga maji na kando ya njia, sehemu ambazo hazirudishiwi chochote. Tunamnyang'anya maskini tumlishe tajiri.

Wanaolisifu wazo hili wanaishia kwenye panga la kukatia majani, bandani hawaingii. Mimi ningeanzia bandani. Pima kila kipande peke yake (TARI Uyole si mbali), migomba ya nyumbani ikionekana imeshiba ipumzishe, samadi ipeleke kwenye mahindi na viazi vya mbali, halafu ndipo upunguze DAP. Najua samadi mbichi ni nzito na vilima vyetu unavijua. Kuikausha na kuipunguzia uzito bila kupoteza nitrojeni yote, hapo ndipo mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti angetusaidia kweli.