Hesi Iliyokatwa Bure

Video ya ukarabati wa ile Peugeot PX-10, ambayo mwezi uliopita ilizunguka kwenye simu za kila mpenda baiskeli za chuma, nimeitazama mara nne. Mara zote nne nimeisimamisha pale pale: fundi anapaka mafuta tapu ya kukatia hesi ya Kiingereza, anaielekeza kwenye bomba la krenki, anaanza kuizungusha. Mpaka hapo kazi ilikuwa safi. Robo saa baadaye fremu ya Kifaransa iliyokaa miaka hamsini bila jeraha ilikuwa imeharibiwa, na aliyeiharibu alikuwa akitabasamu kwa sababu aliamini ameiokoa.

Sifa zake nizitoe kwanza, maana anastahili. Kutu aliitoa kwa asidi ya oksaliki, hakuipeleka kwenye mashine ya mchanga, kwa hiyo rangi nyeupe ya kiwandani na maandishi yake vimesalimika. Uma wa nyuma aliupanua ukiwa baridi kutoka milimita 120 hadi 130, akapima kwa uzi kuzunguka bomba la mbele mpaka pande zote mbili zikawa sawa. Sikio la Simplex, lisilo na hesi, alilikata hesi ya milimita 10 na kulichonga kituo kwa tupa ili libebe kibadili giya cha kisasa. Shingo ya usukani ya 22.2 aliipiga msasa ikaingia kwenye nafasi ya 22.0. Magurudumu yamenyooka. Haya yote ni kazi ya mtu anayejua.

Ndiyo maana nimeumia.

Bomba la krenki la PX-10 ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 lina hesi ya Kifaransa: kipenyo milimita 35, na kutoka jino moja la hesi hadi lingine ni milimita 1 kamili. Pande zote mbili hufungwa kuelekea kulia. Hesi ya Kiingereza, ile tunayoiita BSA, ina kipenyo cha inchi 1.370, yaani milimita 34.8, na meno 24 kwa inchi. Ukigawanya, unapata milimita 1.058 kati ya jino na jino. Upande wa kushoto hufungwa kulia, na upande wa kulia, wa cheni, hufungwa kushoto.

Sasa zitazameni hizo namba mbili, 35 na 34.8. Tapu inayoingia ni nyembamba kuliko shimo lililokwisha kukatwa. Mifereji ya Mfaransa tayari imeingia ndani zaidi kwenye chuma kuliko mwisho wa meno ya tapu ya Mwingereza. Maana yake tapu ile haikuwa na chuma kipya cha kukata. Ilichokuwa ikila ni vilele vya hesi ya zamani, vile vile ambavyo vikombe vya gololi hushikilia. Kwa upande wa kushoto tofauti ya 0.058 inaonekana ndogo, lakini ijumlishe: baada ya duru tisa umeshapotea nusu ya jino, na pale palipokuwa na kilele tapu inapita katikati yake.

Upande wa kulia ni mbaya zaidi. Hesi ya zamani inapanda kulia, ya tapu inapanda kushoto. Zinakatizana kama kamba za wavu. Kinachobaki si hesi, ni vipande vidogo vya chuma vilivyosimama kila kimoja peke yake, bila jirani wa kumwegemea. Video yenyewe ilituonyesha. Tapu ilipotolewa, kamera ilisogea karibu na kitambaa. Mafundi mnajua chuma kizuri kinachokatwa sawasawa hutoa nyuzi zinazojikunja. Kwenye kitambaa kile kulikuwa na unga na vijipande kama mchele uliovunjika. Hapo ndipo angepaswa kusimama. Aliupuliza, akaendelea.

Kikombe kipya kiliingia, ndiyo. Kilikaza, ndiyo. Kitakaza mara ya kwanza na huenda hata ya pili. Kila kitakapofunguliwa kitatoka na vipande vingine, mpaka siku kitakapozunguka bila kushika kitu.

Najua jibu litakalotolewa, maana nimelisikia kwenye karakana nyingi: hesi ya Kifaransa hulegea upande wa cheni. Ni kweli ina udhaifu huo, na sababu yake inafahamika. Kunja ngumi yako kwa kulegeza, ingiza penseli katikati, kisha iviringishe penseli ikigusa ukuta wa ndani wa ngumi pande zote. Utaona penseli yenyewe inajizungusha kinyume na njia inayopita. Ndivyo kikombe kinavyosukumwa kidogo kidogo na gololi zilizobeba uzito wa mpandaji, na kwa upande wa cheni msukumo huo unafungua hesi ya kulia. Waingereza waliliona hilo ndiyo maana wakageuza upande ule. Peugeot nao baadaye katika miaka hiyo ya 70 walihamia hesi ya Uswisi, ambayo ni 35 kwa 1 ile ile ila kulia inafungwa kushoto.

Lakini udhaifu huo una dawa isiyohitaji tapu: kaza. Kikombe cha kulia kinatakiwa kikazwe kwa nguvu ambayo spana nyembamba ya bapa haiwezi kuitoa. Marehemu Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts, Marekani, aliyefariki mwaka 2008, aliwafundisha watu duniani kote kutengeneza kifaa cha kazi hiyo kwa bolti nene, nati na washa: unakibana kikombe katikati ya washa, kisha unakizungusha kwa bolti yenyewe na spana ndefu. Gharama yake ni ya duka la vyuma la mtaani. Kikombe kilichofungwa hivyo kikiwa kisafi hakiendi popote.

Na vikombe vya zamani vilikuwepo! Hili ndilo siwezi kulimeza. Dakika chache kabla ya tapu, fundi yule yule aliviosha kwa mafuta ya taa na kuvionyesha. Njia ya gololi ilikuwa inang'aa mzunguko mzima, haina shimo hata moja. Ekseli ilikuwa na mkwaruzo mdogo tu. Gololi mpya, grisi mpya, na krenki ile ingezunguka miaka mingine ishirini. Akaviweka pembeni kama takataka.

Kama alitaka krenki ya kisasa ya meno 50 na 34, nisingempinga. Krenki ya asili ya 52 na 45 ilikuwa ya miguu ya watu kama Bernard Thévenet, aliyeshinda Tour de France ya 1975 akiwa na timu ya Peugeot. Sisi wengine tuna milima na tuna magoti. Lakini njia zilikuwapo. Zipo beringi za kisasa za kufungwa zenye pete za hesi ya Kifaransa. Zipo zinazojibana ndani ya bomba bila kutumia hesi kabisa. Na kama hesi ya zamani ingekuwa imekufa kweli, tapu sahihi ingekuwa ya Kiitaliano, milimita 36, kwa sababu hiyo inavuka mifereji ya zamani na kukuta chuma kizima cha kukata. Hiyo ni operesheni ya mgonjwa mahututi. Huyu hakuwa mgonjwa.

Wanaonifuatilia wanajua ugomvi wangu na hesi za kulazimishwa haukuanzia Ufaransa. Nimeshaandika juu ya Raleigh na nitaendelea kuandika. Raleigh za kubebea mizigo zilizotoka Nottingham, zile zilizowafikisha wazazi wetu shambani na sokoni, zilikuwa na hesi yao wenyewe ya meno 26 kwa inchi, na kila mwaka nakutana na fundi anayezilazimisha vikombe vya meno 24. Ya baba yangu ilifanyiwa hivyo. Kikombe kiliingia duru mbili, kikagoma, kikaongezewa bomba refu kwenye spana na uzito wa vijana wawili. Kilifika. Kabla ya mvua za mwaka ule krenki ilikuwa inacheza kama jino la mtoto, na baba akawa anaisukuma baiskeli kwa mkono huku gunia likiwa juu yake.

Wakati huo huo, pale Ngamiani, Tanga, mji ambao baiskeli ni miguu ya watu, kulikuwa na mzee ambaye sisi vijana tulimwita Babu na aliyejua kusoma hesi kuliko wengi wenye vyeti leo. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vikombe, kila jozi imefungwa kwa waya na kukwaruzwa alama kwa msumari. Ukimletea kikombe, hakukijaribisha kwenye bomba kwanza. Alichukua kimoja cha kwake, akaweka hesi juu ya hesi, akavinyanyua vyote viwili kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Meno yakilaliana mwanzo hadi mwisho bila mwanga kupenya, akasema, "Huyu ndugu yake." Mwanga ukipenya hata upande mmoja, alikirudisha chake kwenye kopo na kukuambia, "Mwanangu, njoo wiki ijayo." Sikumwona hata siku moja akikata hesi juu ya hesi. Fundi wetu wa video ana kipimo cha kidijitali kinachosoma sehemu ya mia ya milimita, na mezani kilikuwepo. Hakukishika.

Sehemu nyingine za kazi ile bado zinarudishika. Uma unaweza kurudishwa 120, magurudumu hufunguliwa, shingo hubadilishwa. Bomba la krenki halirudishiki isipokuwa kwa kukata zaidi, na sasa ile ya Kiitaliano, ambayo haikuhitajika, imekuwa karibu njia pekee iliyobaki ya kupata hesi nzima.

Kwa wenye Peugeot, Motobécane au Gitane za miaka hiyo nyumbani: kabla hamjampa mtu fremu, toeni kikombe cha kushoto na mpime hesi yake kwa nje. Ikisoma karibu na 35, mwambieni fundi kwa maneno, na kama hana sehemu za Kifaransa, aiache. Na kama fundi wa video ile anasoma hapa, vikombe vile vya zamani asivitupe. Vinaingia kwenye fremu nyingine, na mimi nitavinunua.